Kabla ya Rangi, Tafuta Maji Yanakotoka

Sogeza kabati. Lile kubwa la nguo, lililoegemea ukuta wa nje wa chumba cha kulala na ambalo halijahamishwa tangu siku lilipoingizwa. Katika nyumba nyingi za Kampala, Mukono, Entebbe na Jinja utakuta nyuma yake doa jeusi lenye manyoya, rangi iliyovimba kama ngozi iliyoungua, na harufu ya gunia la viazi lililosahauliwa. Mwenye nyumba akiona hivyo humwita fundi wa rangi. Fundi naye, kwa kuwa riziki yake iko kwenye debe, atasema: "Ssebo, hapa tunapiga rangi ya mafuta tu, kwisha." Miezi sita baadaye doa limerudi, na safari hii linashuka na plasta yake.

Anayetaka kupamba nyumba bila kuumiza mapafu ya wanaolala humo, na bila kumaliza misitu na vinamasi, kwa kawaida huanza na mianzi, mikeka na maua ya chungu. Hivyo vyote vina nafasi yake. Ila Uganda ya kusini ni nchi ya maji: ziwa liko karibu, mvua kubwa huja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, na hewa ina unyevu hata jua likiwaka. Hapa kitu cha asili hakina baraka ya peke yake. Mkeka juu ya sakafu inayotoa jasho ni shamba la kuvu sawasawa na kapeti la plastiki, na ukuta wa udongo usio na upenu wa kutosha huoza mapema kuliko wa simenti. Kwa hiyo tuanze na maji.

Njia tatu

Maji hufika ukutani kwa njia tatu, na kila moja ina alama yake. Yanayopanda kutoka ardhini huacha mstari wa mawimbi, aghalabu chini ya mita moja kutoka sakafuni, pamoja na unga mweupe wa chumvi unaodondoka ukipitisha kidole. Yanayotoka juu, kwa bati lililotoboka au mfereji wa paa uliojaa majani, huacha michirizi ukutani na doa la rangi ya chai kwenye dari. Ya tatu ni maji tunayoyatengeneza wenyewe: pumzi, jasho, mvuke wa sufuria ya maharagwe, nguo zinazoanikwa ndani siku za mvua. Watu wanne wakilala kwa muda wa saa 8 hutoa zaidi ya lita moja ya maji hewani. Mvuke huo hutafuta mahali penye ubaridi: pembe za chumba, nyuma ya kabati, chini ya godoro lililowekwa moja kwa moja sakafuni.

Ukishindwa kutofautisha, kata kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa nailoni unaotazama ukuta, maji yamo ukutani. Yakitokea upande wa chumba, tatizo ni hewa, na hakuna plasta itakayokusaidia.

Kwa maji yanayopanda, kazi huanzia nje. Ukuta uliojengwa sawasawa una karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, ile mafundi wanayoiita dipisii. Nyumba nyingi za kupangisha hazina, au zinayo lakini mtu alikuja baadaye akajaza udongo wa bustani juu yake. Chimbua nje mpaka ardhi iwe chini ya usawa wa sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau. Zungushia nyumba ukanda wa zege wa upana wa sentimita 60 hadi 90, wenye mteremko kuelekea nje: kwa kila sentimita 40 za upana ushuke sentimita moja. Weka mifereji ya paa. Tone linaloanguka kutoka kwenye bati na kuruka ukutani huonekana dogo, lakini msimu mzima wa mvua wa matone kama hayo huloanisha kabisa tofali la kuchoma, ambalo kwa maumbile yake ni sifongo.

Kisha ndani, bandua plasta iliyooza mpaka sentimita 30 hadi 50 juu ya mstari wa unyevu. Chumvi iondoe kwa brashi kavu, uizoe, uitupe mbali. Usiioshe kwa maji, kwa maana maji huiyeyusha na kuirudisha ndani ya tofali, nayo itajitokeza tena mara ukuta ukikauka. Baada ya hapo, subira. Kwa makadirio ya mafundi wa majengo ya kale, ukuta hukauka milimita 25 za unene kwa mwezi, hewa ikipita vizuri. Ukuta wa tofali wa milimita 230 unaokauka pande zote mbili utachukua miezi minne au mitano. Ndiyo maana kazi hii ianze mvua za mwisho wa mwaka zinapokatika, siyo katikati ya Aprili kwa sababu wageni wa Pasaka wanakuja.

Plasta ya kurudishia isiwe simenti kali. Mchanganyiko wa simenti moja kwa mchanga tatu ni mgumu kuliko tofali lenyewe. Hufunga maji nyuma yake, nayo yakikosa pa kutokea chini hupanda na kutokea juu zaidi, ndipo unaona mstari umehama kutoka magotini kwenda kiunoni. Tumia sehemu moja ya simenti, moja ya chokaa na sita za mchanga safi, au chokaa na mchanga peke yake, moja kwa tatu, kama fundi wako ana uvumilivu.

Chokaa, na namna inavyoharibiwa

Uganda ina mawe ya chokaa Tororo na Kasese, na chokaa iliyozimwa huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Bado wengi huiona kama rangi ya mashina ya miti na kuta za shule za msingi. Ni dharau isiyo na sababu. Chokaa huruhusu ukuta kutoa maji, haina mafuta yanayopaa hewani, ikiwa mbichi ina ukali unaoua kuvu, na hurudisha mwanga mwingi kiasi kwamba chumba chenye dirisha moja huonekana kimepata la pili.

Kwenye ndoo ya lita 20 tia maji lita 10, kisha nyunyiza kilo 6 za chokaa huku ukikoroga. Chokaa iende kwenye maji, siyo maji kwenye chokaa, la sivyo utapata mabonge na vumbi usoni. Vaa miwani na glavu. Chokaa ikiingia jichoni huunguza kweli, na jicho lisafishwe kwa maji mengi mara moja, kisha uende hospitali. Funika ndoo, iache usiku kucha, siku mbili ni bora zaidi. Chuja kwa soksi ndefu ya nailoni au kipande cha chandarua kikuukuu, ongeza maji hadi iwe nzito kama maziwa, siyo kama uji.

Hapo kwenye uzito ndipo wengi huanguka. Wakiona brashi ya kwanza haifuniki kitu, huikoroga nzito. Chokaa ikiwa mbichi hupitisha macho, weupe huja ikikauka. Loanisha ukuta kwa kuunyunyizia maji, paka tabaka jembamba, ngoja siku moja, loanisha tena, paka tena, mpaka ufikishe manne au matano. Tabaka moja nene litapasuka na kuacha unga mabegani mwa kila anayeegemea ukuta. Halafu wanalaumu chokaa.

Makosa mengine matatu. Kupaka juu ya rangi ya zamani: chokaa haishiki kwenye rangi ya mafuta wala ya plastiki, lazima ukwangue mpaka ufikie plasta. Kutia chumvi ya jikoni: kwenye ukuta mkavu haina neno, lakini kwenye ukuta wenye historia ya unyevu chumvi huvuta maji kutoka hewani na utakuwa umejitengenezea ugonjwa upya. Kutia uji wa muhogo ili ishike: wanga ni chakula cha kuvu, na ukuta wenye wanga katika chumba chenye unyevu ni karamu. Ukitaka ishike zaidi, tia lita moja ya maziwa yaliyoondolewa mafuta kwa lita 10 za chokaa, nayo itumike siku hiyohiyo.

Rangi hutoka ardhini. Udongo mwekundu wa marramu, uliokaushwa, kutwangwa na kupitishwa kwenye chekeche laini kabisa, hutoa waridi hadi rangi ya tofali. Usizidishe sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa. Kwa ndoo yetu ya kilo 6, mwisho ni gramu 600. Ukizidisha, chokaa haina tena nguvu ya kushika. Changanya ndoo zote za chumba kwa pamoja, kwa sababu hutaweza kuipata rangi ileile mara ya pili.

Muzigo na matundu yaliyozibwa

Kampala, chumba kimoja cha kupanga katika safu ndefu ya vyumba huitwa muzigo. Msomaji wa Kiswahili atacheka kidogo, lakini jina halikukosea sana: jiko, kitanda, sebule na stoo vyote vimebebwa na mita tatu kwa tatu. Ni humo mapambo ya afya yana maana kubwa kuliko katika jumba lolote la Kololo, kwa kuwa hewa ni kidogo na watu ni wengi.

Juu ya dirisha na mlango pana matundu ya hewa. Nenda mtaa wowote uhesabu mangapi yamezibwa kwa gazeti, tambara au simenti. Sababu ni mbu, na hilo si jambo la kupuuza katika nchi yenye malaria kiasi hiki. Wanaoziba hawakosei kuogopa, wanakosea dawa. Dawa ni wavu wa fremu, ule wenye matundu 16 hadi 18 kwa inchi, uliopigiliwa kwenye vipande vya mbao na kukazwa ndani ya tundu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeweka kuziba milango, madirisha na upenu kwa wavu miongoni mwa mapendekezo yake ya kupambana na malaria, ingawa chandarua cha kitandani hakiachwi. Chagua wavu wa nyuzi za plastiki au kioo badala ya waya wa kawaida, ambao huota kutu misimu miwili tu karibu na ziwa. Tena kumbuka kwamba wavu hupunguza upepo, na wavu wenye vumbi huuzuia kabisa. Kama tundu lilikuwa dogo tangu mwanzo, lipanue kabla ya kuliwekea wavu, na kila mwezi upitishe brashi laini na maji ya sabuni.

Kipimo cha zamani cha mafundi ni madirisha yawe angalau sehemu moja kwa kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha mita 9 za mraba kinataka dirisha la karibu mita 0.9 za mraba, na lifunguke, siyo kioo tu. Chumba chenye ukuta mmoja tu wa nje hakina upepo wa kupita, hivyo tumia kimo: hewa iingie chini, kwa kuacha upenyo wa sentimita mbili chini ya mlango au kwa dirisha la vipande vya kioo vya chini, na itoke juu kwenye matundu. Hewa yenye joto hupanda yenyewe, haihitaji umeme. Fimbo ya pazia iwe ndefu kupita dirisha kwa sentimita 15 kila upande ili pazia likivutwa liondoke kabisa mbele ya dirisha. Fanicha ikae sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje, na kitanda kiwe na chaga ili hewa ipite chini ya godoro.

Jua nalo lina tabia yake ikweta. Adhuhuri hukaa karibu utosini mwaka mzima, Juni likiegemea kaskazini na Desemba kusini. Kwa hiyo upenu wa sentimita 60 hutosha kutia kivuli karibu mita 1.4 za ukuta wa kaskazini au kusini hata adhuhuri ya Juni au Desemba. Ukuta wa magharibi ndio adui: jua la jioni huja chini, upenu haulizuii, na tofali huhifadhi joto hilo mpaka usiku wa manane. Mpandishie pasheni kwenye waya uliowekwa sentimita 30 kutoka ukutani. Kivuli kinapatikana, ukuta unapumua, na watoto wana juisi.

Tukiwa kwenye mimea: ile imani kwamba maua ya chungu husafisha hewa ya chumba ilitokana na majaribio ya NASA ya 1989 yaliyofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Wachambuzi waliopitia tafiti za aina hiyo 2019 walikuta kwamba kwa jengo la kawaida ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili ilingane na hewa inayopita yenyewe. Weka ua kwa sababu linapendeza. Ila ukilimwagilia kupita kiasi, umeongeza unyevu.

Sakafu

Kapeti la plastiki la kukata kwa mita ndilo pambo la kwanza la mpangaji. Likitandikwa juu ya simenti isiyo na nailoni chini yake, maji ya ardhini hukusanyika katikati, na baada ya miezi michache ukilifunua utaona weusi na kupata harufu. Kama huwezi kuliacha, lifunue kila wiki mbili, lianikwe, na usiligundishe kwenye sakafu. Kapeti la manyoya kutoka ukuta hadi ukuta tusilizungumzie. Katika hewa yetu ni makazi ya kupe wadogo wa vumbi, na mwenye pumu hana sababu ya kuwa nalo.

Kinachodumu ni sakafu ya simenti iliyosuguliwa. Juu ya zege lililo na nailoni chini yake, paka tabaka la sentimita 3 la simenti moja kwa mchanga tatu, na kwenye simenti ya uso wa juu changanya oksidi nyekundu isiyozidi asilimia 10 ya uzito wa simenti. Isugue kwa mwiko wa chuma mara mbili, ya pili ikiwa uso umeanza kukaza. Kisha ifunike na kuiloanisha siku saba. Mafundi hupenda siku mbili, na ndiyo sababu ya zile nyufa kama utando wa buibui. Igawe kwa vipande vya mita 1.5 hivi kwa 1.5 ili ikinywea ipasukie kwenye mstari, siyo katikati.

Vijijini, ambako simenti ni ghali, sakafu ya udongo ulioshindiliwa na kufungwa kwa mafuta ya mimea inayokauka ni jibu la kweli. EarthEnable, shirika lililoanzia Rwanda, hufanya kazi hiyo Uganda pia. Tofauti yake na sakafu ya kawaida ya udongo ni kwamba inafagilika na kupigwa deki bila kutoa vumbi, na funza hapati vumbi la kukulia.

Risasi ndani ya debe

Kuhusu rangi za dukani tutasema machache. Rangi ya maji kwa kuta, daima. Kwa milango na madirisha ya chuma, soma lebo: tafuta inayosema haina risasi, yaani madini ya lead, na kumbuka kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni, si zaidi. Rangi za mafuta zenye kung'aa, hasa njano, nyekundu na kijani, ndizo ambazo kihistoria zilibeba risasi nyingi. Hatari kubwa huwa kwenye rangi ya zamani inayobanduliwa. Usiipige msasa ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake huishia kwenye mikono ya mtoto anayetambaa, na risasi huharibu ubongo unaokua bila kurudi nyuma. Iloanishe, ikwangue ikiwa mbichi, tandika nailoni chini, kunja kila kitu, na chumba kipigwe deki mara mbili kabla mtoto hajarudi.

Plasta mpya ya simenti ingoje siku 28. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina kuta za mita za mraba 32. Toa mlango na dirisha, zimebaki 29. Lita moja hufunika mita 10 hadi 12, basi kwa mikono miwili, yaani ukipaka mara mbili, unahitaji lita 5 hadi 6. Fundi akikuandikia lita 20 za chumba hicho, muulize zinazobaki zinakwenda wapi.

Mbao, bodi na mafuta yasiyokauka

Mvule na mahogani ni miti ya miongo mingi, na imebaki michache. Kwa fanicha ya nyumbani, msonobari na kalitunsi (mkaratusi) kutoka mashamba ya kupandwa hutosha kabisa. Shida ya mbao za Ndeeba, soko la mbao la Kampala, siyo aina, ni maji: huuzwa mbichi, fundi huzitengeneza kesho yake, na meza hupinda kabla ya deni kuisha. Zipange kivulini, kati ya kila tabaka weka vipande vya sentimita 2.5 kwa umbali wa sentimita 45 hadi 60, paka rangi kwenye vichwa vya mbao ili visipasuke. Huna kipimo cha unyevu? Chukua ubao mmoja, upime kwenye mizani kila wiki, uandike. Ukiacha kupungua uzito, umekauka kadiri hewa yako inavyoruhusu.

Dhidi ya mchwa na bunguo, watu hupaka oili chafu ya gari. Ndani ya nyumba ni kosa: inanuka miaka, na imejaa mabaki ya kuungua yasiyofaa kwa ngozi wala mapafu. Kwa mbao na mianzi ya ndani, iliyo mbali na mvua, tumia boraksi kilo 3 na asidi ya boriki kilo 2 katika lita 100 za maji, uloweke wiki moja au mbili, kisha ukaushe kivulini. Maji hayo hayaachwi karibu na watoto. Nguzo za rangi ya kijani, kama zile za umeme, zina shaba, kromiamu na aseniki. Haziingii kwenye fanicha, na vipande vyake visichomwe jikoni kamwe.

Bodi za unga wa mbao na za vipande hushikwa kwa gundi inayotoa formaldehaidi, ambayo tangu 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hutoka zaidi penye joto na unyevu, yaani hapa kwetu. Ukiweza, nunua yenye alama E1, ya bodi zinazotoa gesi hiyo kidogo, au pungufu. Kwa yoyote uliyonayo, ziba kingo, mgongo na matundu yote ya skrubu kwa vanishi ya maji mikono miwili, kwa maana uso wa mbele huwa umezibwa, nayo sumu hutokea pembeni. Kabati jipya la mtoto likae wazi, milango na droo nje, kwenye chumba chenye madirisha wazi, mwezi mzima kabla ya mtoto.

Badala ya laka ya kupuliza yenye thina, chemsha maji kwenye sufuria, weka chombo ndani yake, yeyusha nta ya nyuki sehemu moja ndani ya mafuta ya kitani sehemu nne. Paka kidogo kwa kitambaa, ngoja dakika 20, futa kila kilichobaki, rudia kesho kutwa, mara tatu. Wengine hujaribu "moo yao", siagi ya mti wa shea wa kaskazini mwa Uganda. Nzuri kwa ngozi, lakini haikauki, na meza itabaki inanata na kukusanya vumbi. Mafuta ya alizeti hukauka nusunusu, hayafai pia. Na vile vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe: hupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje mpaka vikakamae, au vitie kwenye ndoo ya maji.

Moshi

Hakuna pambo linaloshinda sigiri. Kama unapika kwa mkaa, sigiri ikae nje au barazani, na isiingizwe ndani usiku kwa ajili ya joto. Kabale, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ubaridi hushawishi watu kufanya hivyo, na mkaa unaowaka bila moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Waliolala nayo hawaamki. Jiko la kuni lililojengwa ndani lipate bomba la sentimita 10 hadi 15 linalopita mgongo wa paa kwa sentimita 60, lisiguse mbao. Ukihamia gesi, tundu la hewa liwe chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa. Dirisha la juu halitaitoa.

Lubugo na mafunjo

Sasa ukuta ni mkavu na hewa inapita, na hapo vitu vya hapa nchini vinaanza kupendeza. Lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ndicho cha kwanza. Gome huvuliwa msimu wa mvua, shina hufungwa kwa majani ya mgomba lipone, na mti uleule huvunwa tena na tena bila kukatwa. UNESCO iliutambua ufundi huu 2005. Lubugo hufaa kwa kichwa cha kitanda, kifuniko cha taa na ukuta wa chumba chenye mwangwi, kwa kuwa hunyonya sauti. Halifai jikoni, bafuni, wala mahali jua linapolipiga siku nzima, kwani rangi yake hukoza upande mmoja.

Lubugo linawaka, pia. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, ya nyasi na lubugo, yaliteketea usiku mmoja wa Machi 2010. Nyunyizia gramu 100 za boraksi na gramu 45 za asidi ya boriki kwa kila lita ya maji ya vuguvugu, ukijaribu kwanza kwenye pembe iliyofichika. Moto utachelewa, ingawa hautazuiwa. Taa iwe ya LED tu, na balbu iwe sentimita 10 kutoka kwenye kitambaa.

Mafunjo hukatwa na kuota tena, na mikeka yake chini ya bati hupunguza joto la mchana. Nunua iliyokauka kabisa, inayolia kavu ukiikunja. Yenye kupinda kimya bado ina maji. Iache sentimita 10 chini ya bati, na upenu wa pande zote mbili uwe na wavu, la sivyo umejenga hoteli ya panya na popo.

Lubugo la ukutani usiligundishe. Piga vipande viwili vya mbao vya unene wa sentimita 2, kimoja juu na kimoja chini, ulitundike juu yake ili pabaki nafasi mgongoni. Kila Januari, kukiwa kumekauka, lishushe, ulipige vumbi nje kivulini, na kabla ya kulirudisha upitishe kiganja kwenye ukuta uliokuwa nyuma yake.